Shahidi wa Mpaka

Usiku ule, mbwa wa Jaji walipokwisha kuchoka kubweka, Keziah alisikia shoka. Halikuwa shoka la mtu anayepasua kuni, halikuwa na haraka hiyo. Lilipiga, likanyamaza, likapiga tena, kule upande wa kijito, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo ila hawataki kufungua, naye akamziba mwanawe Asa masikio kwa viganja viwili kana kwamba sauti ile ingeweza kumwingia mtoto kama homa ilivyomwingia baba yake, maana homa ndiyo iliyomchukua Warren, na tangu siku hiyo kila kilichokuja gizani katika nyumba ile Keziah alikiona kuwa kimemfuata mtoto. Kisha ukaja mlio mrefu wa kitu kikubwa kinachokwenda chini bila kupenda, sahani zikagongana kabatini, halafu kimya. Akangoja mtu aamke, aite, aulize kulikoni. Hakuamka mtu. Hapo ndipo alipojua kwamba nyumba nzima ilikuwa macho.

Asubuhi, kabla kahawa haijachemka, wifi yake Philura alisimama mlangoni na aproni yake nyeupe isiyochafuka.

"Baba anatuita wote. Na mtoto pia. Mchane nywele."

"Mtoto wa nini, wifi? Kuna nini?"

"Mimi ni mjumbe tu, Keziah. Ungekuwa wewe ndiye unayemwosha na kumgeuza kitandani, angekwambia wewe."

Jaji Ambrose Thackston alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mito mitatu mgongoni, miguu imevimba chini ya blanketi kama magogo mawili. Kaunti nzima ile ya Kentucky ilimwogopa, kwanza kama wakili, kisha kama jaji, kisha kama mwenye ardhi, na kufa kwake hakukuwa kumempunguza chochote isipokuwa pumzi. Kifua chake kililia kama bawaba ya mlango mbovu. Mwanawe mkubwa Leander alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, na kwenye nywele zake kulikuwa na vibanzi vibichi vya mti. Keziah akaviona, akaketi haraka, mtoto mapajani, shali juu yake.

"Sogeeni, wanangu," alisema Jaji, "sogeeni karibu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia neno mara mbili, na hata nilipokuwa nayo nyingi sikuwahi kurudia. Philura, funga mlango. Leander, banduka hapo ukutani, hujasulubiwa. Na wewe, mke wa Warren, mtoe huyo mtoto ndani ya shali nimwone, si kuku wa wizi.

"Daktari amesema maji yamenipanda toka miguuni, yakifika moyoni basi. Vema. Nimewaona watu wakifa kwa amri yangu wakiwa wazima na meno yao yote, wala dunia haikusimama. Haitasimama kwa ajili yangu. Lakini anayehama hufunga mizigo yake mwenyewe, asiwaachie wajinga wamfungie. Basi la kwanza lishikeni hili: ardhi hairithishwi kwa mdomo. Wangapi walikuja mbele yangu wakilia, baba alisema, baba alisema! Baba alisema nini? Upepo. Ardhi ni karatasi, wino na mashahidi wawili. Karatasi zangu ziko mbili hapa chini ya mto, zote zimetiwa sahihi, na leo moja itaingia motoni. Ipi? Hilo ndilo nililowaitia. Kwa mdomo nawaachia kile kisichoandikika, na ole wake atakayekitoa nje ya mlango huu.

"Mnanijua kama mzee wa kiti kikubwa. Hamkunijua nikiwa na miguu mitupu. Baba yangu, Obadiah, alikuwa na shamba zuri kuliko hili, na alikuwa na moyo mwororo, na vitu hivyo viwili havikai kwa mtu mmoja. Desturi ya huku mnaijua, wazee wakizunguka mipaka, kwenye kila pembe mtoto wa kiume huchapwa pale pale chini ya mti wenye alama, ili siku mti utakapooza na wazee watakapokuwa udongo, mgongo wake uwe bado unakumbuka. Baba hakunichapa. Alinihurumia, akanibeba mabegani, nikaizunguka mipaka yetu yote nikiwa usingizini, nikaamka nyumbani nikala mkate wa mahindi kwa asali. Akaja bwana mmoja kutoka Virginia na hati yake, usiku mti wetu wa pembe ukaanguka, na tulipofika mahakamani jaji akauliza, nani hapa alionyeshwa pembe hii utotoni? Wazee walikuwa wamekufa. Baba akanisukuma mbele. Nikasimama, nikafungua mdomo, na kilichokuja ulimini ni ladha ya asali. Tulifukuzwa kabla ya mavuno, mama yangu akazikwa kando ya barabara, na tangu hapo mtu akinitajia huruma namuuliza, ya ekari ngapi?

"Sikumchukia bwana yule wa Virginia. Nilimwangalia. Niliingia kwa wakili wake kufagia sakafu, nikasoma vitabu vyake kwa mwanga wa moto wake alipolala, na ndevu ziliponiota nilikuwa nimepanda farasi, vitabu mkobani, nikifuata mahakama toka kaunti moja hadi nyingine, tukilala wanne kitanda kimoja, mimi na wezi niliowatetea. Watu maskini walinijia, hati zao zimelaliana kama vigae vya paa, kipande kimoja cha ardhi kina wenyewe watatu, wanalia, hatuna fedha, Bwana Thackston. Nikawaambia, nani kasema fedha? Nitawaokolea shamba lenu, mtanipa nusu. Wakanibusu mikono. Nusu ya huyu, nusu ya yule. Mchovya asali hachovyi mara moja. Walipochoka kulima nusu zao zilizobaki wakaniuzia, na waliokataa kuuza nilikutana nao baadaye, nikiwa nimeketi kitini na wao wamesimama.

"Leander anatazama sakafu. Tazama tu, hata sakafu ni yangu."

Asa alicheka kidogo, hakuelewa ila sauti ya babu yake ilikuwa imepanda na kushuka kama ya mchezo, na Keziah akambana mdomo kwa kiganja, polepole, ingawa mpaka hapo alikuwa hajaambiwa chochote kibaya.

"Mwache acheke," alisema Jaji. "Leo ndiyo mwisho wa kicheko chake cha bure.

"Sasa nakuja kwa Gideon Stroud. Jirani yetu, Mungu amweke anapostahili. Alikuja kwangu na kofia mkononi, nikamwokolea shamba, nikachukua nusu, nusu ya upande huu wa chemchemi. Chemchemi ilibaki kwake. Nilikuwa mjinga, nilikuwa kijana, sikuwa nimeona kiangazi cha kweli. Kilipokuja, ng'ombe wangu walilia nyasi zimekauka na ng'ombe wake wamesimama maji magotini. Pembe yetu ya kweli ni jiwe jeusi, lipo upande wetu huu wa chemchemi chini ya majani ya kangaga, Gideon alilichonga msalaba kwa patasi yake. Lakini hati inataja pia mwaloni, na mtu hafukui majani kutafuta jiwe, huangalia mti. Gideon alipoumwa na nyoka akafa, nilikwenda kule na mtumwa wangu Cato ashike mnyororo wa kupimia, tukavuka chemchemi, tukaupata mwaloni mnene unaofanana na ule ulioandikwa kwenye hati, nikautia alama tatu za shoka. Basi, chemchemi ikawa yangu. Cato alikuwa mtu mwerevu, na macho yake yalikuwa ndiyo macho pekee mengine pale, kwa hiyo nilimuuza kusini kabla utomvu haujakauka kwenye alama. Aliniomba nimuuze na mkewe. Nikamwambia mke wake hajaona kitu.

"Usinikunjie uso, Philura. Kiti unachokalia nilikinunua kwa fedha ya Cato, miguu yake ni miguu ya Cato.

"Mjane wa Gideon, Mahala, amekaa kimya miaka akiteka maji ya kijito yenye tope, akazika watoto wawili kwa tumbo la kuhara, nikamtumia unga. Aliurudisha. Mwanamke mwenye kiburi hafai hata kuhurumiwa. Sasa amepata wakili kijana kutoka Louisville, ameshitaki, na mahakama imemteua mpima ardhi aje akate kipande cha mwaloni. Mnajua mti una kumbukumbu kuliko Mkristo? Ukiujeruhi, hulifunika jeraha, na kila mwaka huvaa pete moja juu yake. Mpima atahesabu pete, ataziona chache kuliko miaka ya hati, atawaonyesha wazee wa baraza kama anavyowaonyesha mkate uliokatwa, na hati yangu isemayo mti huo ulitiwa alama kabla Leander hajazaliwa itakuwa karatasi ya kuwashia kiko. Basi jana usiku mlisikia mlichosikia. Niliamuru mimi. Leander ameukata, kipande chenye alama amekipasua na kukichoma, majivu yako kijitoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake amemaliza kazi aliyoianza.

"Mti umekwisha kusema. Sasa lazima aseme mtu."

Hapo akavuta pumzi, na kila pumzi ilikuwa kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu. Philura akamwinua, akampa kijiko cha wiski. Jaji akaimeza, na macho yake yakatulia juu ya Asa. Keziah akaelewa. Akaelewa lote kwa mara moja, kama mtu anavyoelewa kwamba ngazi aliyokanyaga haipo.

"Hapana," alisema. "Baba, hapana. Ana miaka mitano."

"Samaki mkunje angali mbichi."

"Achapwe Leander! Leander alichapwa pembe zote, kila mtu anajua, mwite Leander mahakamani!"

"Shemeji yako," alisema Jaji taratibu, "alighushi sahihi yangu akanunua farasi, na mimi mwenyewe nikiwa kitini nilimfunga. Mtu aliyefungwa kwa kughushi, kiapo chake ni mavi. Philura akisema uongo shingo yake huwa nyekundu kama ya bata mzinga. Wewe ni binti wa wachemsha chumvi, hakuna atakayekusikiliza. Lakini huyu! Huyu hatasema uongo, hapo ndipo uzuri wake ulipo. Wakili wangu ataivuta kesi mpaka mtoto apate akili ya kuapa, nimeona kesi za ardhi zikizeeka kuliko waliozifungua. Mtoto atasimama mbele ya watu, shati safi, atasema, nilichapwa pale, kwenye kisiki, babu alipokuwa akifa. Nao wote watajua anasema kweli, kwa sababu itakuwa kweli.

"Sikiliza mizani yake, mke wa Warren, halafu chagua, maana mimi sikulazimishi, sikuwahi kumlazimisha mtu, niliwaonyesha tu milango. Karatasi ya kwanza inampa Asa kila kitu, nyumba, mashamba, chemchemi, na wewe utakaa naye hapa mpaka awe mtu mzima. Ya pili inampa Philura. Na Warren, kabla hajafa, aliniandika mimi kuwa mlezi wa mtoto. Nikifa, jaji wa sasa ataweka mwingine, na jaji wa sasa alikuwa akinibebea mikoba ya farasi. Atampa Philura mtoto kabla chakula hakijapoa. Mbele ya sheria mama mjane ni yaya aliyezidi kula. Utarudi kwa baba yako kwenye masufuria ya chumvi na nguo uliyokuja nayo."

Philura aliinama mbele tu, akamwondolea Asa unywele uliomwangukia machoni, akaulaza nyuma ya sikio, kwa upole wa mtu anayepanga kitu chake.

"Atalala chumbani kwangu," alisema.

Ndicho kilichomwinua Keziah. Si mashamba, si chemchemi, hata si masufuria ya chumvi ambayo aliyajua tangu utoto na mvuke wake ulioichuna ngozi ya mikono ya mama yake. Ni ule mkono kwenye sikio la mtoto.

"Nitampeleka mimi mwenyewe," alisema. "Nitamchapa mimi."

"Wewe utampapasa. Atachapa Leander, yeye anajua inavyotakiwa, nilimfundisha vizuri. Na Philura atafungua dirisha, maana nataka nisikie. Nimesikiliza vilio vya watu maisha yangu yote, mtoto akijifanya analia nitajua. Nendeni. Upesi. Msinifanye nife nikiwangoja."

Wakatoka. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi, na Asa alitangulia akirukaruka, alidhani wanakwenda kuuona mti ulioanguka, na ni kweli walikuwa wanakwenda huko. Leander alikata ufito wa mti wa hikori njiani, akaupiga-piga mguuni mwake, akauangalia kama kitu alichopewa na mtu mwingine amshikie.

"Shemeji, mimi sipendi jambo hili," alisema.

"Basi usilifanye."

"Rahisi kwako kusema. Ameniachia chumba juu ya zizi na wiski mpaka nife, kwa sharti la leo. Na mimi najua kazi moja tu duniani, kumwogopa." Akacheka bila sauti. "Kila pembe, Keziah. Nilikuwa mdogo kuliko huyu. Mpaka leo nikipita kwenye ule mti wa pembe ya kaskazini najikojolea."

Wakavuka chemchemi kwa mawe. Kisiki kilikuwa chekundu na chenye maji, kipana kama meza, na harufu ya mwaloni mbichi ilikaba koo. Pale chini chemchemi ilikuwa ikitoka kati ya mawe, safi, haina habari. Asa akapanda kisikini, akageuka huku na huku.

"Baba mkubwa, uliukata peke yako? Wote?"

"Peke yangu. Shuka, mwanangu. Hapa ni wapi?"

"Kwenye mti."

"Hapa ni pembe ya shamba la babu yako. Sema."

"Pembe."

"Mgeuze, Keziah," alisema Leander, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mzee.

Keziah alimgeuza mtoto. Alimshika mabega, akayaona yale mabega, mifupa midogo inayocheza chini ya shati alilomshonea mwenyewe kutoka kwenye shati la Warren, na mikono yake ikamsogeza mtoto pembeni kabla hata yeye hajaamua, akapiga magoti mahali alipokuwa amesimama, akafungua vifungo vya nguo yake mgongoni.

"Nichape mimi. Atalia tu. Atalia kuliko unavyodhani."

"Baba atajua."

"Yuko kitandani, hana macho ya kupita ukutani. Chapa, Leander!"

Leander alichapa. Cha kwanza kilikuwa cha aibu, cha pili kilikuwa cha kweli, na baada ya hapo Keziah hakuhesabu, maana kitu kilikuwa kimefunguka ndani ya mtu yule kama mlango wa zizi usiku, farasi wote wanatoka kwa pamoja, na alipiga huku akiuliza, "Hapa ni wapi? Hapa ni wapi? Sema, hapa ni wapi?" kwa sauti ambayo haikuwa yake, na Asa alikuwa amemrukia mguuni akimng'ata, akitupwa, akirudi, akipiga ukelele ambao Keziah hakuwahi kuusikia, hata usiku ule baba yake alipofunikwa uso. "Pembe! Ni pembe, Baba mkubwa! Ni pembe, ni pembe, mwache mama!"

Ufito ulivunjika. Leander alisimama akihema, akauangalia mkono wake, akaketi kwenye kisiki na kuanza kulia kama mtu aliyekunywa. Keziah akafunga vifungo juu ya damu, akambeba mtoto.

Walipoingia chumbani dirisha lilikuwa wazi. Jaji alikuwa ameteremka kwenye mito, midomo ya buluu, lakini macho yalikuwa yakingoja. Yalimtazama mtoto, yakamtazama Keziah anavyosimama bila kuegemea kitu, yakatulia kwenye nguo yake begani, palipoanza kulowa.

"Hicho hakikuwa kilio cha anayechapwa," alisema.

Keziah akampandisha mtoto begani, juu ya mahali pale.

"Anayechapwa hulia chini, hujililia. Hiki kilikwenda juu. Kilikuwa cha... anayetazama." Akavuta pumzi, ikakwama, ikaja. Na uso ule ukafanya jambo ambalo watoto wake hawakulizoea, ukafurahi. "Binti wa wachemsha chumvi! Nilikuwa sijafikiria hilo. Miaka yote nimewachapa watoto wenyewe. Leander nilimchapa, na pembe mbili amezisahau, nilimjaribu. Lakini huyu... huyu atasahau jina lake kwanza. Umenipa shahidi bora kuliko niliyemwomba. Philura. Toa karatasi yako hapa chini. Itie motoni. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako, nikuone."

Philura akaitia. Alisimama pale mpaka ikawa nyeusi yote, na shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Sasa nimebaki na kidogo," alisema Jaji, na kweli sauti ilikuwa imeanza kwenda na kurudi, kama mtu anayeongea huku akiondoka. "Sikilizeni, wanangu. Philura, nakuachia kiti hicho, umekikalia ukiningoja, kizoee. Leander, umepata zizi. Usimkaribie mtoto ukiwa umelewa. Ukiwa huna pombe, usimkaribie zaidi. Mahala Stroud asipewe maji. Akija na ndoo apewe salamu. Mnizike... mnizike kwenye kisiki, kichwa kielekee chemchemi. Kaburi si ushahidi, lakini hakuna mpima atakayeburuta mnyororo wake juu ya mifupa ya jaji. Farasi wangu apigwe risasi, asipandwe na mtu. Msiimbe... nyimbo zote. Mbili tu. Mchungaji analipwa, asimalize siku.

"Mlete. Mlete hapa huyo."

Asa hakutaka kwenda. Keziah alimpeleka, akauona mkono mkubwa uliovimba ukipapasa hewa, ukapata kichwa cha mtoto, ukatua.

"Bwana akubariki... na kukulinda. Akupe nchi ambayo... hukuipanda. Akuzidishie. Maadui zako wawe... wawe... Mtoto. Hapa ni wapi? Kule. Kule ni wapi?"

"Pembe," alisema Asa kwa sauti ndogo.

"Amina," alisema Jaji, na hakusema tena jambo linaloeleweka, ila jioni ilipofika alikuwa bado anapumua, na Philura bado alikuwa amekaa kitini.

Walimzika kwenye kisiki. Walioimba waliimba nyimbo mbili. Mahala Stroud hakuja, ila walimwona mbali kwenye uzio wake, ndoo mkononi, amesimama akitazama jeneza likishuka mahali asipolitegemea, na Keziah alimtazama mpaka akashindwa kumtazama.

Usingizi haukumjia Keziah wiki hiyo. Majeraha yalimruhusu kulala kifudifudi tu, na akilala hivyo alimwona Asa ni mtu mzima, ndevu, shati safi, amesimama mbele ya watu na mkono juu ya Biblia, anasema kweli, na kweli yake inamnyima mjane maji. Akajiambia nitamwambia. Akajiambia si sasa, akikua. Akajiambia akikua atakuwa amekwisha kuwa na shamba, na nani aliyewahi kumwambia mwenye shamba kitu? Akajiambia angali mbichi, babu mwenyewe alisema, basi na mimi nimkunje. Ndipo asubuhi moja, Philura akiwa kanisani na Leander bado amelala juu ya zizi, alimshika mtoto mkono wakashuka, wakafika kwenye chemchemi, hawakuvuka wala kulitazama kaburi la ng'ambo, wakasimama upande huu wa nyumbani, akafunua majani ya kangaga kwa mkono, na jiwe lilikuwepo. Jeusi. Na msalaba.

Akapiga magoti, akamweka Asa kiganja juu ya msalaba ule wa baridi, akauzungusha mkono wake kwenye mistari iliyochongwa.

"Sikia, baba," alimwambia, hivyo ndivyo alivyomwita akimbembeleza. "Sikiliza mama. Pembe ni hapa. Umesikia? Si kule. Kule walikosea. Babu alikosea, Baba mkubwa alikosea. Pembe ya kweli ya shamba ni jiwe hili, na maji yale ni ya kina Stroud. Sema. Pembe ni hapa."

Mtoto alilitazama jiwe. Alimtazama mama yake, kisha akageuza kichwa ng'ambo ya maji, kuelekea kwenye udongo mpya, na uso wake ukawa mzito, uso wa mtu anayejua jambo ambalo mkubwa hajui na hataki kumwaibisha.

"Hapana, mama," alisema. "Pembe ni kule walikokuchapa."

"Asa—"

"Ni kule. Mimi nilikuwepo." Akamshika shavu kwa kile kiganja chenye ubaridi wa jiwe, akamsogelea sikioni, akanong'ona, "Usiogope lakini. Sitamwambia mtu mwingine kwamba umesahau."